Mikono Miwili ya Jiwe

Mwanaisha alikuwa akitwanga mtama siku mumewe aliporudi kutoka Songea na habari za mwanamke wa jiwe.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1913, karibu na Nakapanya, upande wa Tunduru. Mumewe, Chande, alikuwa Myao mwenye miguu isiyochoka. Kila mwaka baada ya mavuno alibeba nta na tumbaku hadi Songea, akarudi na chumvi, majembe na maneno mengi. Mwaka huo alitua mzigo, akanywa maji kata mbili, akaanza kusimulia kabla hata hajakaa.

"Mama Zena, Wajerumani wamejenga kisima kipya chini ya soko. Pembeni wamesimamisha mwanamke. Mwanamke wa jiwe! Ana mtungi kichwani, nguo kiunoni, miguu mitupu kama wewe hapo. Watu wanatoka Namtumbo kuja kumtazama. Wengine wanasema si kitu cha kuchongwa, ni mtu kabisa. Alikunywa ile dawa wakati wa vita, ikamgeuza."

Mwanaisha alicheka, akainua mchi.

"Cheka tu. Sikio lake moja limechanika. Nani anachonga sikio bovu kwa makusudi? Tena kuna mikono miwili ya watoto imeshika nguo yake, mmoja upande huu, mwingine upande huu. Watoto wenyewe hawapo. Mikono mitupu."

Mchi ulishuka kinuni na haukupanda tena.

Pale kijijini walimjua kama Mwanaisha binti Sharifa, mke wa Chande, mama wa Zena. Lakini hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Ungoni, mwendo mfupi kutoka Songea, chini ya vilima vya Matogoro, na mama yake alimwita Tabu kwa sababu alimzaa kwa siku mbili. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Majaliwa. Baba yao alikwenda vitani na wanaume wenzake, amepakwa dawa iliyosemekana ingegeuza risasi kuwa maji. Hakurudi. Kisha wakubwa wa Wangoni wakanyongwa pale bomani Songea, na baada ya kunyongwa kwao ukaja moto. Askari wa Mjerumani walipita kijiji kwa kijiji wakichoma vihenge vya nafaka na kung'oa hata mihogo iliyokuwa bado michanga. Waliopona risasi wakakutana na njaa.

Mama aliwachukua watoto wake wawili porini. Tabu alikuwa na miaka kumi na mitatu, Majaliwa kumi na mmoja. Walichimba ming'oko, mizizi ya porini, wakala majani ambayo mbuzi angeyakataa. Mama alikuwa akiwapa wao kwanza, naye akitafuna polepole kitu ambacho mara nyingine hakikuwapo mdomoni. Miguu ilipoanza kumvimba, alikunja nguo yake ikabaki pindo huku na huku, akawaambia: "Kila mmoja ashike upande wake. Hata nikianguka, msiachie."

Wakatembea hivyo siku nyingi, mama katikati.

Siku moja, asubuhi, walifika kwenye kivuko cha mto pamoja na watu wengine waliokuwa wakikimbilia mashariki. Bunduki zikalia nyuma yao. Watu wakatawanyika kama kumbikumbi. Tabu alijikuta ndani ya maji hadi kifuani, kati ya wanawake asiowajua, kisha ng'ambo ya pili, akikimbia. Alipogeuka hakumwona mama wala Majaliwa. Akatazama mkono wake. Ulikuwa mtupu.

Bi Sharifa, mjane wa Kiyao asiye na mtoto, ndiye aliyemkuta njiani wiki nyingi baadaye, mifupa na macho. Alimnywesha uji kwa kijiko, akamlaza karibu naye, akamfundisha kuswali, akampa jina la marehemu dada yake. Alimlea mpaka akaolewa. Mwanaisha alimpenda kama mtu anavyompenda aliyemrudisha kutoka kaburini. Lakini jambo moja hakuwahi kumwambia Bi Sharifa wala Chande: kwamba aliambiwa asiachie, akaachia.

Jioni ile, wakila, alisema, "Baba Zena, ukirudi Songea nitakwenda nawe."

Chande alimtazama mkewe. Hakuwa mtu wa kudadisi, lakini hakuwa mjinga. "Ni siku kumi kwa miguu. Na simba wapo."

"Nitatembea."

"Kumtazama mwanamke wa jiwe?"

"Kumtazama."

Aliyekasirika ni Bi Sharifa. Alikuwa mzee sasa, mgongo umepinda, ila ulimi umenyooka. "Huko kulikokutupa unakwenda kutafuta nini? Huko watakwambia wewe ni wao. Watakukalisha. Mimi nitabaki na nani?"

"Mama, nitarudi. Haki ya Mungu nitarudi."

"Basi Zena atabaki hapa na mimi," Bi Sharifa alisema. "Mtu hamwachi mtoto wake." Akamkumbatia mjukuu wake wa miaka miwili kama mtu anayeshika dhamana.

Wakaondoka baada ya siku sita, Chande na mzigo wa nta iliyokuwa imebaki, Mwanaisha na unga wa njiani. Walivuka mto Muhuwesi, wakapita Tunduru, wakaingia kwenye miombo isiyokwisha, ambako usiku waliwasha moto mkubwa pamoja na wasafiri wengine. Mwanaisha hakulalamika hata mara moja. Ila kadiri walivyokaribia Ungoni ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo. Siku ya tisa vilima vya Matogoro vilitokea mbele, vya buluu, akasimama.

"Umechoka?" Chande aliuliza.

"Naogopa," alisema. "Nikifika nikamkuta ni mama yangu, nitafanya nini?"

Hapo ndipo alipomsimulia mumewe kila kitu, amekaa juu ya mzizi, kwa sauti ndogo: pori, ming'oko, pindo la nguo, mto. Wakati wa vita watu wazima wenye akili zao waliamini risasi itageuka maji. Kwa nini basi mtu asigeuke jiwe? Chande alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabeba mzigo wake kichwani, na juu yake akaweka na mzigo wa mkewe.

"Twende," alisema. "Kama ni yeye, tutamsalimu."

Songea ilikuwa imebadilika. Pale palipokuwa na njia ya ng'ombe palikuwa na barabara iliyonyooka. Boma lilisimama juu kwa kuta zake nene, na Mwanaisha alipita chini yake bila kuinua macho. Sokoni watu walikuwa wengi, Wangoni, Wayao, Wamatengo walioshuka na maharage. Alisikia Kingoni pande zote. Kisima kilikuwa mbele, kimezungushiwa matofali. Pembeni yake, juu ya jukwaa la matofali lenye urefu wa goti, alisimama yule mwanamke.

Mwanaisha alimkaribia polepole. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimpisha, walishazoea wageni.

Alikuwa wa jiwe la kijivu, na kimo chake hakikufika kimo cha mtu. Shingo imekaza chini ya mtungi. Mkono wa kushoto umeinuliwa kuushika, na mama yake alikuwa akitumia wa kushoto kwa kila kitu. Uso haukuwa wa mama hasa, ulikuwa wa mtu aliyeshiba kidogo. Lakini mdomo ulikuwa wake, ule mdomo uliofungwa wa mtu anayehesabu pumzi. Kisha akatazama chini, akaona mikono. Ilikuwa midogo, vidole vimekunjwa kwa nguvu, na pindo la jiwe limejikunyata ndani yake. Wa upande wa kulia ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kushoto.

Akaunyoosha mkono wake, akaugusa ule mkubwa. Ulikuwa wa baridi. Na chini ya kidole chake akasikia michirizi, mistari midogo midogo iliyokwenda upande mmoja. Akaifuata kwa kidole hadi kwenye pindo, hadi kwenye nyonga. Ilikuwa kila mahali.

"Ni patasi," alisema Chande nyuma yake. "Mtu kachonga."

Ndipo Mwanaisha alipoelewa. Kwa maana pindo lile lilishikwa na watu wawili tu duniani, porini, hapakuwa na mwingine wa kulikumbuka. Mama asingejichonga mwenyewe. Na yeye hakuchonga.

Alimgeukia mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akijitwisha mtungi, amevaa msalaba shingoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nawe umekuja kuuliza kama anapumua?"

"Hapana, mama. Nauliza nani kamchonga."

Mwanamke yule, Odilia, alitua tena mtungi wake. Hilo lilikuwa swali ambalo hakuwa ameulizwa mara nyingi. "Ni fundi mwashi wa misheni, kijana wa Peramiho. Alikuja kujenga hicho kisima. Likabaki jiwe moja kubwa, bwana wa boma akamwambia achonge mwanamke na mtungi, ipendeze. Nilikuwa namletea chakula mimi. Miezi mitano alikuwa anagonga. Bwana alipoona hiyo mikono akamuuliza watoto wako wapi. Akajibu, jiwe halikutosha."

"Anaitwa nani?"

"Urban."

Mwanaisha hakulijua jina hilo. Moyo ulimshuka, kisha ukapanda tena, kwa sababu alikumbuka kwamba hata yeye, mtu akimtafuta Tabu pale Nakapanya, asingempata.

Odilia aliwalaza nyumbani kwake, akawapikia ugali wa ulezi. Alfajiri wakashika njia ya Peramiho. Ni mwendo wa siku nzima kwa mtu aliyechoka, na walifika jua likiwa limeinama. Misheni iliyochomwa wakati wa vita ilikuwa imejengwa upya, na ujenzi ulikuwa bado unaendelea. Mafundi walikuwa wakipandisha ukuta. Chande akauliza. Wakamwonyesha kijana mrefu, mwembamba, amesimama juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, nywele zimejaa vumbi la matofali.

Mwanaisha alimtazama asimtambue. Majaliwa aliyemwacha alikuwa mfupi, tumbo mbele, magoti makubwa. Huyu alikuwa mwanamume.

"Bwana fundi," aliita kutoka chini. "Wewe ndiye uliyechonga yule mwanamke wa kisimani?"

Kijana hakugeuka. Aliweka tofali, akaligonga. "Ndiye mimi. Si mtu, mama, ni jiwe. Halikunywa dawa, halikulaaniwa. Nililitoa mlimani kwa mkokoteni."

"Najua ni jiwe. Nimeona patasi yako."

"Basi vizuri."

"Ila sikio umekosea."

Mwiko ulisimama. Kijana aligeuka, akamwona mwanamke Mwislamu amejifunika kichwa, vumbi hadi magotini, na mwanamume mwenye mzigo nyuma yake. "Sikio lina nini?"

"Umechana la kulia. Lililochanika lilikuwa la kushoto. Nililichana mimi. Nilikuwa mtoto mgongoni nikavuta hereni ya shaba, damu ikatoka mpaka begani."

Udongo uliokuwa juu ya mwiko ulidondoka kidogo kidogo. "Nani amekuambia habari hiyo?"

"Mama. Kila nilipomuudhi alinikumbusha."

Kijana alishuka. Hakushuka kwa ngazi. Aliruka, akatua kwa mikono na magoti, akainuka, akasimama mbele yake bila kujipangusa. Walikuwa karibu kabisa, wakitazamana kama watu wanaosoma maandishi yaliyofifia. Kisha akasema jina ambalo hakuna mtu aliyelitamka kwa miaka saba.

"Tabu?"

"Mlongo wangu," Mwanaisha alimwita mdogo wake kwa Kingoni.

Mafundi wenzake walishuka mmoja mmoja kuona fundi wao anamlilia nani. Bruda, mtawa wa misheni aliyesimamia kazi, naye akaja, akauliza, akaambiwa, akatoa kitambaa mfukoni, akapenga pua, akasema kazi ya leo imetosha.

Walikaa nyuma ya karakana, kwenye marobota ya majani makavu. Chande alikwenda kutafuta kuni bila kutumwa na mtu, ili wabaki wawili.

"Umekuwa Mwislamu," alisema Urban.

"Nimekuwa. Nawe umekuwa Mkristo."

"Mama hakuwa hiki wala kile."

"Hakuwa," alisema Mwanaisha, wakacheka kidogo, mara ya kwanza.

Kisha akauliza alichokuja kuuliza. Urban alieleza akitazama mikono yake. Baada ya mto wakabaki wawili, wakarudi magharibi, kwa sababu walisikia misheni wanagawa uji. Mama hakufika. Alilala chini ya jiwe moja kubwa upande wa pili wa Matogoro, asubuhi hakuamka. Urban alimfunika kwa mawe kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuchimba, akatembea peke yake mpaka akaangukia mlangoni pa watu hawa. Wakamlisha, wakambatiza, wakamfundisha kazi. Mahali pale anapajua. Hupazuru kila mwaka.

Mwanaisha akasema, "Mkono ule mkubwa, wa kulia. Kwa nini umeuchonga umeshika?"

"Ningeuchongaje?"

"Mimi niliachia, Majaliwa. Aliniambia nisiachie, nikaachia."

Urban alimgeukia, ameshangaa kweli. "Wewe hukuachia. Mama alikusukuma."

"Nini?"

"Alikusukuma kwa wale wanawake wenye nguvu. Aliniambia siku ileile. Alisema, mimi siwezi kuwavusha wawili, dada yako ana miguu, nimempa watu wa kumvusha. Kila jioni alinambia, Tabu kafika. Tabu sasa anakula. Mpaka siku ile aliyolala." Akaokota jani, akalikata kwa kucha. "Kwa hiyo nikachonga mkono wako umeshika. Mimi sikujua kisa kingine."

Mwanaisha alijaribu kukumbuka. Bunduki, maji, kelele. Je, palikuwa na mkono mgongoni mwake? Aliutafuta kumbukumbuni huku amefumba macho, na hakuweza kuapa kwamba ulikuwapo. Lakini hakuweza tena kuapa kwamba haukuwapo. Inawezekana mama alisema hivyo ili kumtuliza mtoto aliyebaki. Inawezekana ni kweli tupu. Kwa vyovyote vile, mama hakufa akimlaumu; alikufa akisema Tabu anakula. Na ilikuja kuwa kweli: Bi Sharifa alimpa uji kwa kijiko.

Akalia, na safari hii kilio kilikuwa chepesi.

Kesho yake bruda alimpa Urban ruhusa ya siku nne. Wakarudi Songea wote watatu. Kisimani, Urban alisimama mbele ya kazi yake na kuikunjia uso. "Sikio la kulia siwezi kulirudisha. Jiwe likishatoka limetoka."

"Chana na la kushoto," alisema Chande. "Awe na mawili."

"Mama yangu awe na masikio mawili mabovu?" Mwanaisha alisema. "Mwache hivyohivyo. Watu wa hapa wamemzoea." Na wanawake wa kisimani, waliokwisha kuambiwa na Odilia dada wa fundi ni nani, waliweka mitungi chini wakapiga vigelegele, hata askari wa boma akachungulia kuona kuna arusi gani.

Wakapanda Matogoro. Lile jiwe kubwa lilikuwapo, na rundo la mawe madogo ya mtoto aliyekosa nguvu. Kila mmoja aliomba kwa namna yake, Urban kwa msalaba, Mwanaisha kwa viganja vilivyofunguka, kisha wote wawili wakamwita mama kwa Kingoni, mawu, kama walivyomwita zamani. Wakapanga mawe upya, wakayapandisha, wakaziba nyufa kwa udongo. Urban alifanya haraka na kwa ustadi. Mwanaisha alimpa mawe, akichagua yaliyo bapa.

Waliagana kwenye njia ya Tunduru. Urban alitaka kusema dada abaki, ilionekana usoni kwake, lakini alipotaka kufungua mdomo Mwanaisha alimtangulia: "Nina mtoto na mama wananisubiri. Wewe ndiye wa kuja."

"Mvua zikiisha," alisema Urban.

Kwa muda wote wa masika Bi Sharifa alimtazama binti yake kwa jicho la pembeni. Mwanaisha alikuwa amerudi kama alivyoapa, tena sasa alikuwa na mwili mzito, mtoto wa pili yu njiani. Alikuwa akiimba akipalilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini mzee alikuwa akijiambia kwamba ndugu akija atakuja kudai.

Urban alikuja mwezi wa sita, na mfuko wa vyuma vya kazi begani. Kijiji kizima kilitoka kumwona yule aliyegeuza jiwe kuwa mtu. Alipita katikati yao moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa Bi Sharifa, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Bi Sharifa hakuitika mara moja. "Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Mama yetu alikuwa akisema dada anakula. Sikumjua anayemlisha. Sasa nimemwona. Sina cha kukulipa, ila najua kujenga."

"Marahaba," alisema Bi Sharifa, na kwa kuwa hakutaka aonekane akilia, akaanza kugombeza kuku.

Urban alikaa siku arobaini. Alitafuta udongo mzuri kando ya kijito, akafyatua matofali, akayachoma katika tanuru lililowaleta watoto na wazee kila jioni. Chande alibeba, Mwanaisha, tumbo mbele, alitoa amri. Wakamjengea Bi Sharifa chumba cha matofali chenye dirisha, cha kwanza katika kijiji kile. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, mzee alihamishiwa ndani na kitanda chake. Alikagua kuta, akagonga kwa fimbo, akasema humu mna joto, tena dirisha linaingiza maneno ya watu. Chande akamwambia basi arudi kwenye kibanda cha zamani.

"Nani arudi?" alisema Bi Sharifa, akajilaza, akavuta shuka. "Nifungieni mlango."